Kilichojulikana Mikese Hakikudhaniwa Ujiji

Wazungumzaji wa Kiingereza wana kauli wanayoipenda sana wanapokutana na mtu waliyemtafuta kwa muda mrefu: "Dr. Livingstone, I presume?" Kwa Kiswahili ni kama kusema, Daktari Livingstone, nadhani? Kauli hiyo imeingia kwenye vikaragosi vya magazeti, matangazo ya biashara na mazungumzo ya mezani kwa miaka 150 sasa, na wengi wanaoitamka hawajui hata Ujiji iko upande gani wa ramani. Ukiuliza ilikotoka, jibu ni lile lile, liwe limetoka kwenye ensaiklopidia za Ulaya au kwa mtembeza watalii wa hapa kwetu. Utaambiwa kwamba mwaka 1871, mjini Ujiji, Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald alipita katikati ya umati, akavua kofia mbele ya mzee mwenye ndevu za mvi, akayatamka maneno hayo. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba kulihoji kunaonekana utovu wa adabu. Nalihoji. Naamini ushahidi tulionao hautoshi kuifanya sentensi hiyo kuwa tukio la historia ya Ujiji. Ilizaliwa mezani pa mwandishi na kulelewa na mitambo ya kuchapa ya New York mwaka 1872. Na mojawapo ya hoja nzito dhidi yake imelala karibu kabisa na sisi, Mikese, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyopita Ukami kuelekea Morogoro.

Nianze na yale nisiyoyapinga, ili tusipoteze muda. Stanley alifika Ujiji. Alimkuta David Livingstone akiwa hai, mgonjwa, na ameishiwa bidhaa za kununulia chakula. Alimpa dawa, vitambaa na habari za dunia, wakasafiri pamoja hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kisha wakarudi wote hadi Kwihara, karibu na Tabora, ambako waliagana Machi 1872. Hayo yanathibitishwa na barua za Livingstone kwa mkono wake mwenyewe. Ninachokipinga ni kitu kidogo kwa ukubwa na kikubwa kwa matokeo, nacho ni sentensi ile moja ambayo imemeza safari nzima na watu wake wote.

Tuifuate sasa njia. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, masika yakiwa yanaanza. Aliyagawa majeshi yake katika misafara mitano iliyotangulia na kufuatana. Kwa hesabu yake watu wote walikuwa 192. Wapagazi walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya, kila mmoja mzigo wa karibu frasila mbili begani, wakipita kwenye nyasi ndefu na matope ya Ukwere na Ukami. Katika kitabu chake vijiji vinafuatana kimoja baada ya kingine: Kingaru, Imbiki, Msuwa, Kisemo, Mussoudi, halafu Mikese, ambayo ameiandika Mikeseh. Mbele yake ulikuwapo mji wenye ngome wa Simbamwene, chini ya milima ya Uluguru, uliojengwa na Kisabengo, mtemi wa Kizigua, na ambao wakati ule ulitawaliwa na bintiye. Mahali pa mji huo ndipo Morogoro ya leo ilipoota. Kati ya Mikese na Simbamwene, mahali anapopaita Muhalleh, msafara wa Stanley ulikutana na msafara uliokuwa ukiteremka pwani. Mwenye msafara alikuwa Salim bin Rashid, akiwa na pembe za ndovu 300. Mfanyabiashara huyo alimkaribisha mgeni kwa zawadi ya mchele, kisha akampa habari. Alimwambia kuwa amemwona Livingstone huko Ujiji, na kwamba alikaa nyumba ya jirani naye kwa wiki mbili. Akamweleza sura yake: mzee, mwenye masharubu na ndevu ndefu za mvi, aliyedhoofika kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka kwenye ugonjwa mkali. Akaongeza kuwa akipata nafuu alinuia kwenda nchi ya Manyema.

Habari hiyo tuipime kama hakimu anavyopima ushahidi, kwa sababu kila kipande chake kinapimika. Shajara ya Livingstone, iliyochapishwa London mwaka 1874, inaonyesha kuwa alifika Ujiji Machi 1869 akiwa mgonjwa wa mapafu, hajiwezi, amebebwa. Inaonyesha kuwa alikaa hapo hadi Julai, akapata nguvu, kisha akavuka ziwa kwenda Manyema. Yaani maneno ya Salim yalikuwa na umri wa miaka miwili, na bado yalikuwa sahihi kwa kila jambo: mahali, ugonjwa, nafuu, sura, na safari iliyofuata. Ulaya ilikuwa ikibishana kama Livingstone yu hai au amekufa, na huku katika kambi ya matope karibu na Mikese mtu aliyekuwa jirani yake alikuwa akimweleza mgeni rangi ya ndevu zake. Wala Salim hakuwa peke yake. Pembe 300 hazijibebi. Nyuma yake walikuwapo mamia ya wapagazi, na kila mmoja alikuwa na macho na mdomo. Misafara miwili ilipokutana, mmoja ukipanda bara na mwingine ukishuka pwani, watu waliulizana habari za walikotoka: bei, maji, njaa, vita, hongo zinazodaiwa na watemi, na wageni walioonekana. Hivyo ndivyo njia ile ilivyofanya kazi. Mtu aliyepita Mikese Aprili 1871 na kusikiliza aliondoka na picha kamili ya mtu anayemfuata.

Stanley alisikiliza. Kitabuni anaiandika habari hiyo kwa furaha, na hilo namsifu. Lakini ukishaisoma, sentensi ya Ujiji inaanza kuyumba, na inazidi kuyumba kadiri unavyoifuata safari. Baada ya kucheleweshwa Unyanyembe, nchi ya Tabora, na vita vya mtemi Mirambo, aliondoka Kwihara Septemba. Akiwa karibu na mto Malagarasi, katika siku ambazo yeye anazihesabu kuwa za mwanzo wa Novemba, alikutana na msafara wa Waguha wapatao 80 waliotoka Ujiji. Nao walimwambia kuwa mzungu amefika huko hivi karibuni akitokea Manyema, kwamba nywele za usoni mwake ni nyeupe, na kwamba anaumwa. Waliulizwa kama aliwahi kuonekana Ujiji kabla, wakajibu ndiyo, alikuwapo, akaondoka. Manyema, mvi, ugonjwa, Ujiji: kila kitu alichosema Salim karibu na Mikese kilirudiwa na watu wasiomjua Salim. Kwa mwandishi wa habari anayejua kazi yake, jambo hilo lilikuwa limekwisha.

Halafu kuna mlango wenyewe wa Ujiji. Kwa maelezo ya Stanley, kabla hajamwona Livingstone alipokewa na mtu aliyemsalimu kwa Kiingereza katikati ya watu waliokuwa wakipaza sauti za yambo. Mtu huyo alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone. Stanley anasema alimuuliza kama Daktari yumo katika mji huu, Susi akasema yumo. Akamuuliza kama ana hakika, Susi akajibu kuwa ametoka kwake sasa hivi. Akatokea wa pili, James Chuma, akasalimiana naye, akaulizwa hali ya Daktari, akasema si nzuri sana. Susi akakimbia kupeleka habari. Mtu ambaye wakati huo hakumjua mwenzake ni Livingstone: Stanley mwenyewe anasimulia kuwa Daktari alipoambiwa kuna mzungu anakuja alitaka kujua jina lake, na Susi hakuwa nalo. Kwa hiyo, tukikichukua kitabu cha Stanley kama kilivyo bila kuongeza hata nukta, tunamwona mtu aliyeelezwa sura karibu na Mikese, akathibitishiwa Malagarasi, na akahakikishiwa kwa Kiingereza na watumishi wawili mlangoni. Kisha tunatakiwa tuamini kuwa hatua chache baadaye aliinua kofia na kudhani.

Najua jibu litakalokuja hapa, na ni jibu zuri kuliko mengine yote. Watetezi wa kauli hii husema kuwa kudhani kwenyewe hakukuwa kudhani. Ilikuwa adabu ya Kiingereza ya enzi za Malkia Victoria: watu wawili wasiowahi kutambulishwa hawawezi kurukiana shingoni, hivyo mmoja hutumia maneno ya tahadhari hata kama anajua kabisa anayezungumza naye. Stanley mwenyewe alijitetea kwa namna hiyo, akieleza kuwa angependa kumkumbatia mzee yule ila alizuiwa na umati na kiburi chake. Nakubali kuwa adabu hiyo ilikuwapo. Lakini tutazame adabu hiyo ilikuwa ya nani na mbele ya nani. Waliokuwa wamesimama pale ni watu wa Ujiji, Wamanyema, Wangwana wa Unguja na waungwana wa Kiarabu, ambao desturi yao ya kumpokea mgeni ilikuwa na salamu zake, kuulizana hali na habari ya safari, na ambao kwao sentensi ile isingekuwa na ladha yoyote. Watu ambao ladha yake ingewafikia ni wasomaji wa London na New York. Hoja ya adabu haithibitishi kuwa maneno yalitamkwa. Inathibitisha tu yalitungwa au kuchaguliwa kwa ajili ya masikio yapi. Na mtu anayewaandikia wasomaji wa mbali ana uhuru ambao mtu aliyesimama mbele ya mwenzake hana.

Tuje kwenye karatasi. Shajara za Stanley zimehifadhiwa Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren. Tim Jeal, aliyezipitia kwa ajili ya wasifu wa Stanley aliouchapisha mwaka 2007, alionyesha kuwa kurasa ambazo zingeeleza mkutano huo zimechanwa. Kurasa zilizo kabla zipo, zilizo baada zipo. Zile zenyewe hazipo. Upande wa pili, Livingstone aliandika juu ya mkutano huo zaidi ya mara moja: katika shajara yake, na katika barua ya shukrani kwa James Gordon Bennett, mwenye gazeti la Herald, iliyoandikwa Ujiji Novemba ile ile. Katika maandishi hayo anakumbuka jinsi Susi alivyokuja mbio akihema kumwambia kuwa Mwingereza anakuja. Anakumbuka bendera ya Marekani iliyotangulia msafara na kumwonyesha taifa la mgeni. Anakumbuka hata sufuria kubwa, mabeseni na mahema, vitu vilivyomfanya afikiri kuwa huyu ni msafiri wa kifahari. Mzee aliyekumbuka sufuria hakukumbuka sentensi. Sentensi inaanza kuonekana katika magazeti ya New York Julai na Agosti 1872, baada ya ripoti za Stanley kufika, na Herald ya tarehe 10 Agosti mwaka huo inaibeba pamoja na jibu la Livingstone, kila kitu mahali pake kama mchezo wa jukwaani. Mwishoni mwa mwaka kitabu kikatoka, na kauli ikapata makao ya kudumu. Hata tarehe ya mkutano haikubaliki kwa pande zote: kitabu cha Stanley kinasema 10 Novemba, shajara ya Livingstone inauweka Oktoba. Watu wawili wasiokubaliana juu ya mwezi wametufikishia sentensi moja isiyo na doa, na aliyeileta ni mmoja tu kati yao.

Itasemwa kuwa ukurasa uliochanwa si ushahidi, kwa kuwa mtu mwingine, pengine mpenda kumbukumbu, angeweza kuuchana baada ya kauli kuwa mashuhuri. Hilo linawezekana, na sijengi nyumba yangu juu ya karatasi isiyokuwapo. Mzigo wa kuthibitisha si wangu. Anayesema maneno fulani yalitamkwa mahali fulani ndiye anayepaswa kuleta shahidi, na shahidi aliyeletwa ni mmoja, ndiye mwenye kufaidika, na rekodi yake ya siku hiyo haipo. Wahenga walishasema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wengine watakumbusha kuwa mwaka 1872 Waingereza wengi walimkebehi Stanley na kusema safari nzima ni ya kubuni na barua ni za kughushi, na kwamba mwisho aliibuka mkweli. Ni sahihi. Lakini aliibukaje? Familia ya Livingstone ilitambua mwandiko. Kilichomsafisha ni karatasi ya mtu wa pili. Kwa sentensi yetu karatasi ya mtu wa pili ipo pia, tena si moja, na haina sentensi hiyo.

Ulinganifu ulio wazi kuliko wote ninaouona katika historia hii hii ni ule wa Musa, mtu wa Nzwani katika visiwa vya Komoro. Mwishoni mwa mwaka 1866 yeye na wenzake waliomtoroka Livingstone bara walifika Unguja wakasema Daktari ameuawa, na walitaka mishahara yao. Simulizi yao ilikuwa kamili, yenye mapigano, maiti na kaburi. Waliaminiwa kwa muda, kisha wakashukiwa, kwa sababu walikuwa mashahidi wenye maslahi na hakukuwa na mwingine wa kuwaunga mkono. Mwaka 1867 Waingereza walimtuma E. D. Young hadi Ziwa Nyasa. Aliuliza wenyeji wa njiani, akaambiwa mzungu alipita salama akaendelea, na uongo ukaanguka. Kanuni iliyotumika ilikuwa ya haki: shahidi mmoja mwenye maslahi hatoshi, waulizwe watu wa njiani. Kwa nini kanuni hiyo itumike kwa Musa wa Nzwani na isitumike kwa Stanley? Anayetaja mfano wa Musa kuonyesha kuwa habari za misafara hazikuaminika anasahau kuwa waliomwumbua ni watu wa njiani wenyewe. Njia ilisema kweli Nyasa mwaka 1867, na ilisema kweli karibu na Mikese mwaka 1871.

Kwa nini mtu aliyetenda jambo kubwa kama lile aongeze chumvi? Stanley hakuzaliwa Stanley, wala hakuwa Mmarekani kama alivyodai. Alikuwa John Rowlands, aliyezaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Jeal anaona kuwa kauli ile ilikuwa juhudi ya mtu huyo kujivika utulivu wa waungwana wa Kiingereza, wale wasiotikisika hata wakikutana jangwani. Naona maelezo hayo yana uzito, na yananifanya nimhurumie zaidi kuliko kumhukumu. Pia yanajibu swali la wale wanaosema hakuna mtu angebuni sentensi ambayo baadaye ilimletea kejeli. Alipoiandika hakujua itachekwa. Aliiandika ili aonekane muungwana, na watu waliozaliwa waungwana wakasikia ndani yake mtu anayejitahidi kupita kiasi.

Sasa pingamizi la mwisho, ambalo husemwa kwa upole na kwa sababu hiyo ni gumu kulikataa: hata kama haikutamkwa, inadhuru nini? Imeipa Ujiji jina, inaleta wageni kwenye mnara na miembe ya kumbukumbu, inampatia mtu riziki. Nadhani inadhuru, na madhara yake yanaonekana. Sentensi ile hufanya kazi kwa kuwafuta watu. Ili ichekeshe, lazima msikilizaji aone nchi tupu, na katikati ya utupu wazungu wawili, mmoja akimwambia mwenziwe nadhani wewe ndiye, kana kwamba palikuwa na wa kumchanganya naye. Ujiji haikuwa tupu. Ulikuwa mji wa soko, bandari ya mitumbwi na majahazi, wenye wafanyabiashara wenye heshima kama Mohammed bin Salih, na siku ile mamia walitoka kuangalia. Wala njia haikuwa tupu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwisha kufuatana na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke miaka ya 1850, aliongoza askari wa Stanley. Selim, kijana Mkristo wa Kiarabu kutoka Yerusalemu, alikuwa mkalimani wake. Wazungu wawili walioajiriwa msafarani, Farquhar na Shaw, walifia njiani wote. Waliofika ni wapagazi na askari waliobeba. Kauli inaposimama peke yake kama kumbukumbu ya safari, watu hawa wanageuka mapambo ya nyuma ya picha. Mtoto wa Mikese anayejifunza kuwa Stanley alimgundua Livingstone Ujiji haambiwi kwamba habari ya alipo Livingstone ilipita kwao kwanza, mdomoni mwa msafara unaoteremka, na kwamba kilichoitwa ugunduzi kilikuwa kuifuata habari hiyo hadi mwisho wake.

Kauli hii imeathiri hata ramani. Kusini mwa Bujumbura, huko Mugere, kuna jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wawili hao walilala hapo walipokuwa wakizunguka kaskazini mwa ziwa, baada ya kuwa wamekwisha kukutana. Hata hivyo wapo wanaolionyesha jiwe hilo kama mahali pa mkutano wenyewe, na wageni hupigwa picha wakirudia maneno. Sishangai. Sentensi isiyo na mizizi mahali popote inaweza kupandwa popote. Kama ingekuwa inashikiliwa na ushahidi wa watu wa Ujiji, isingehamishika kirahisi namna hiyo. Kuhusu utalii, sioni kwa nini ukweli uuzike vibaya kuliko hadithi. Mgeni aliyevuka bahari hadi Kigoma anaweza kuelezwa kuwa maneno aliyokuja kuyasikia yalichapwa New York, na kisha akaelezwa kwa kina habari ya Susi, ambayo ni ya Ujiji kwelikweli.

Kwa maana ukitaka kujua jambo gani la dakika zile linashikiliwa na pande zote mbili, lipo. Stanley anasema Susi alitangulia, akasalimu, akakimbia kwa bwana wake. Livingstone anasema Susi alikuja mbio akihema na habari ya mgeni. Hapo kalamu mbili zinakutana. Kauli ya Ujiji iliyothibitika, basi, ni ya Abdullah Susi, na maana yake ni kwamba anakuja Mwingereza, nimemwona. Livingstone akaiona bendera ya Marekani, na nyuma ya bendera alikuwapo Mwelsi aliyebadili jina, lakini Susi alitamka alichokiona na kukiamini, akakitamka mbele ya watu, na akaaminiwa.

Na Susi alipata nafasi ya kuulizwa. Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, bila kurudi Ulaya. Susi, Chuma na wenzao walikausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakaufikisha Februari 1874. Mwaka huo huo Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakaketi na Horace Waller aliyekuwa akiandaa shajara za mwisho za bwana wao kwa ajili ya kuchapishwa. Waller aliwahoji kwa kirefu. Pale ambapo shajara ilinyamaza, hasa katika siku za mwisho za Livingstone, alijaza kwa maelezo yao na kusema wazi kuwa ni yao. Wakati huo kauli ya Stanley ilikuwa na miaka miwili mitaani. Kila msomaji aliyekifungua kitabu kile alikuwa anaijua na angefurahi kuikuta. Mhariri alikuwa na mashahidi wawili wa macho mezani kwake, watu waliokuwa Ujiji siku ile, wanaoelewa Kiingereza, waliozungumza na Stanley kabla hajafika kwa Daktari. Ukurasa wa mkutano ulichapishwa ukiwa na Susi anayekimbia, bendera, mahema na sufuria, na bila ile sentensi.